Sadaka Isiyopiga Kelele

Katika chuo cha theolojia tulikosoma, mwalimu wetu wa Agano Jipya alikuwa na kopo la kahawa alilolitunza kabatini pamoja na vitabu vyake vya Kigiriki. Siku tuliyofika Mathayo sura ya 22, kwenye habari ya kodi ya Kaisari, alikuja nalo darasani. Alilitikisa tukasikia mlio, kisha akamimina juu ya meza sarafu saba za shaba za Kirumi. Alikuwa amezinunua akiwa masomoni Ujerumani. Alituambia hazikumgharimu pesa nyingi kama tulivyodhani, kwa kuwa Warumi walitengeneza sarafu za shaba kwa wingi mno, hata leo watu huko wanaendelea kuzifukua mashambani.

Alizipitisha mkono kwa mkono. Kubwa kuliko zote iliitwa sesterti. Ilikuwa na uzito wa gramu 25 hivi, na ilijaza katikati ya kiganja. Upande mmoja palikuwa na uso wa mwanamume mwenye shada la majani kichwani, uliosuguliwa na mikono ya watu hata pua ikabaki kivuli tu. Upande wa pili alisimama mwanamke, na kando yake herufi mbili kubwa, S na C, maana yake ni kwa azimio la Seneti. Ndogo kuliko zote ingeweza kukaa juu ya ukucha wa kidole gumba. Wengi wetu tulikuwa hatujawahi kushika kitu cha zamani kuliko nyumba ya babu, na tulizishika kwa adabu kama tunavyoshika kikombe cha Meza ya Bwana.

Mwalimu alianza kwa kutusahihisha. Sarafu aliyoonyeshwa Bwana Yesu siku ile ilikuwa dinari, na dinari ni fedha, si shaba. Fedha ilitumika kulipa askari na kumlipa kibarua ujira wa kutwa, kama tunavyosoma katika mfano wa shamba la mizabibu. Shaba ilikuwa pesa ya sokoni, ya mkate, mboga na mafuta kidogo. Dinari moja ilikuwa sawa na sesterti 4, au asi 16, au kwadransi 64. Kisha akasema neno ambalo tuliliandika wote: ukitaka kujua Kaisari aliwaambia nini wakubwa, tazama fedha, ukitaka kujua aliwaambia nini watu kama bibi yako, tazama shaba.

Basi aliwaambia nini? Zama zile hapakuwa na gazeti wala redio. Sarafu ndiyo iliyoingia kila jiko. Upande mmoja ulibeba uso wa mtawala na jina lake pamoja na vyeo vyake. Upande wa pili ulibeba ahadi yake, mara nyingi kwa umbo la mwanamke. Mwenye mizani mkononi alikuwa Haki. Mwenye tawi la mzeituni alikuwa Amani. Mwenye pembe iliyofurika matunda na nafaka alikuwa Neema ya chakula. Mtu asiyejua kusoma hata herufi moja aliweza kutazama sarafu yake akaelewa: huyu ndiye bwana, na haya ndiyo anayotupa.

Tulicheka tulipofika kwenye picha ya mikono miwili iliyoshikana. Mwalimu alituonyesha hiyo kitabuni, kwa kuwa hakuwa nayo kwenye kopo. Ilitolewa na Vitellius mwaka 69, mwaka ambao Roma iliona makaisari wanne. Maandishi yake yalisema Fides Exercituum, yaani uaminifu wa majeshi. Sisi Walutheri neno fides tumelelewa nalo. Tunafundishwa tangu mwanzo kwamba mwanadamu huhesabiwa haki kwa imani peke yake, na neno la Kilatini ni hilohilo. Vitellius aliliandika kwenye shaba. Desemba ya mwaka huohuo majeshi ya mwenzake yaliingia Roma, akauawa. Mwalimu akasema watawala huandika sana kile wanachoogopa kukikosa.

Kabla kengele haijalia alitufungulia Marko 12, habari ya mjane. Biblia ya Kiswahili tuliyokulia nayo inasema alitia senti mbili. Kwa Kigiriki ni leptoni mbili, na Marko mwenyewe anawafafanulia wasomaji wake kwamba jumla yake ni kwadransi moja, kwa sababu aliwaandikia watu waliozoea hesabu ya Kirumi. Kwadransi ni sehemu moja ya 64 ya ujira wa siku. Kisha akatupeleka Mathayo 10, ambapo Bwana anasema shomoro wawili huuzwa kwa senti moja. Hapo pia tunasoma senti, lakini kwa Kigiriki ni sarafu nyingine, ile asi ya shaba yenye thamani ya kwadransi nne. Tukapiga hesabu ubaoni. Shomoro wawili ni kwadransi nne, shomoro mmoja ni kwadransi mbili. Kwa hiyo sadaka ya mjane isingeweza kununua shomoro mmoja. Ingenunua nusu yake.

Tuliandika hesabu hiyo kwenye madaftari, tukafaulu mtihani, tukabarikiwa na kupewa sharika. Habari ya shomoro tuliihubiri mara nyingi. Nusu shomoro ilipendwa. Washarika walitikisa vichwa na kutabasamu. Tulidhani tumeielewa.

Miaka mingi baadaye tulikuwa usharikani na tunajenga. Kuta za kanisa jipya zilikuwa zimefika kwenye lenta, na mabati hayakuwapo. Baraza la wazee lilikaa jioni moja hadi usiku, tukapitisha jambo moja: majina ya watoaji yasomwe kila Jumapili baada ya matangazo, kuanzia kiasi kikubwa kushuka chini, na wote waliotoa chini ya shilingi 10,000 wasomwe kwa pamoja kama “na wengineo”. Jambo la pili halikuandikwa kwenye muhtasari, kwa kuwa lilikuwa utani tu wa mimbarani. Kabla vikapu havijapita tulisema, “Leo tunaomba sadaka isiyopiga kelele.” Washarika wakacheka. Kila mtu alielewa: noti ikianguka kikapuni haisikiki, sarafu inalia. Jumapili iliyofuata tulirudia, wakacheka tena. Mtunza hazina alitupongeza kwamba kazi ya kuhesabu imekuwa nyepesi, na kweli kiasi kilipanda.

Tunasema “sisi” kwa sababu baraza lilikuwapo na halikukataza. Lakini tusijifiche nyuma ya neno hilo. Utani ulikuwa wa mchungaji, na mdomo ulioutamka ulikuwa wa mchungaji.

Palikuwa na bibi mmoja mjane aliyekaa siku zote benchi la tatu upande wa dirishani. Alikuwa na desturi ya kufungua pindo la kanga yake mapema, wakati wimbo wa sadaka ukianza, na kushika sarafu zake ngumini mpaka kikapu kimfikie. Jumapili moja hatukumwona. Ya pili hatukumwona. Baada ya Jumapili ya nne tulimwendea nyumbani pamoja na mzee wa mtaa, tukiwa tumebeba sukari na sabuni kama watu wanaokwenda kumtazama mgonjwa.

Tulimkuta anachambua maharage kwenye ungo.

“Shikamoo, bibi.”

“Marahaba, wanangu. Karibuni, kaeni.”

Alitutengea ndizi mbivu, akauliza habari za Mama Mchungaji na watoto. Tulimwambia tumeona kimya, tukadhani anaumwa.

“Siumwi, baba mchungaji. Mimi mzima kabisa. Nasubiri noti.”

Hatukuelewa. Akainuka, akaingia ndani, akatoka na kopo la maziwa ya unga. Alipoliweka chini lililia.

“Hizi ni zile za kelele,” alisema. “Zikitimia elfu mbili, pale dukani watanibadilishia. Nitakuja nayo.”

Alisema hivyo bila hasira yoyote, kama mtu anayeeleza utaratibu wa ofisi. Mzee wa mtaa alitazama chini. Mchungaji alianza kueleza kwamba yale maneno yalikuwa utani tu.

“Najua ni utani, baba,” alisema. “Hata mimi nilicheka.”

Tulisali naye tukaondoka. Njiani hakuna aliyezungumza mpaka tulipofika kwenye daraja, na hapo mzee akasema tu kwamba mvua inakuja.

Usiku ule tulitafuta daftari la chuoni. Tulilipata, na ndani yake, pamoja na hesabu ya nusu shomoro, tulikuta sarafu nyingine ambayo mwalimu alituchorea ubaoni na sisi tukaichora vibaya kwa kalamu. Ni sesterti ya Vespasian ya mwaka 71. Mwaka uliotangulia, jeshi lililoongozwa na mwanawe Titus lilikuwa limeuteka Yerusalemu na kuteketeza Hekalu. Kaisari akataka kila mtu ajue, hivyo akaiweka habari kwenye pesa. Katikati ya sarafu umesimama mtende. Upande mmoja yupo askari au mateka, kwa maana sarafu hizo zilitolewa kwa namna kadhaa. Chini ya mtende, upande wa pili, ameketi mwanamke ameinamisha kichwa juu ya mkono wake, analia. Maandishi yanasema Iudaea Capta, Uyahudi umetekwa.

Msomaji wa Maombolezo anamfahamu mwanamke huyo. Nabii alimwona katika sura ya kwanza, mji uliokuwa umejaa watu sasa umeketi peke yake mfano wa mjane. Mchora sarafu wa Roma alimchora ili watu wacheke na kushangilia sokoni wanaponunua mboga.

Tukarudi kwa Marko na kusoma tena. Kwa miaka yote tulikuwa tukiikata habari ya mjane na kuihubiri peke yake siku za mavuno, kama somo la kuwahimiza watu watoe. Marko hakuikata hivyo. Mstari wa 40, muda mfupi kabla ya mjane kuingia, Bwana anawaonya watu juu ya walimu wa dini wanaokula nyumba za wajane huku wakisali sala ndefu. Halafu mjane anaingia na kutia vyote alivyo navyo. Halafu, mwanzoni mwa sura ya 13, wanafunzi wanasifu mawe makubwa ya Hekalu, naye anawaambia halitabaki jiwe juu ya jiwe. Mapokeo ya Kiyahudi yanasema palikuwa na masanduku 13 ya sadaka yenye midomo kama tarumbeta. Shaba ikitumbukia humo, bila shaka ililia. Wanafunzi walivutiwa na mawe. Bwana alitazama ile sadaka ya shaba.

Miaka kama 40 baada ya siku ile mawe yalianguka. Kodi ambayo Wayahudi walikuwa wakilipa kwa Hekalu lao, Vespasian aliamuru iendelee kulipwa, ila sasa iende Roma kwa hekalu la Jupiter. Hatusemi kwamba mji ulianguka kwa sababu ya leptoni mbili. Vita ile ilikuwa na sababu nyingi. Tunasema tu kwamba Injili imemweka mjane kati ya walimu wanaomla na kuta zinazoanguka, na sisi tulikuwa tunajenga kuta huku tumemfanya mjane wetu abaki nyumbani na kopo lake.

Ipo sarafu moja zaidi katika daftari lile. Mwaka 353 mtawala aitwaye Magnentius alitoa sarafu kubwa ya shaba yenye alama ya Kristo, zile herufi mbili za mwanzo za jina lake kwa Kigiriki zilizofungamana, zikijaza upande mzima, na Alfa na Omega kushoto na kulia. Ukiitazama unaona kama ukuta wa madhabahu. Lakini maandishi yanayoizunguka yanataja usalama wa mabwana wetu, yaani Magnentius mwenyewe na Kaisari mdogo aliyemweka chini yake. Mtu huyo aliingia madarakani mwaka 350 kwa uasi ambao ndani yake Kaisari Constans aliuawa, na mwaka huohuo wa 353, baada ya kushindwa vitani, alijiua. Alama ya Kristo ilikuwa kwenye pesa yake. Iliwekwa hapo kumlinda yeye.

Orodha yetu ya watoaji ilikuwa na muhuri wa usharika, na ndani ya muhuri kuna msalaba.

Jumapili iliyofuata tulisimama mbele ya washarika tukaomba radhi. Hatukumtaja bibi. Tulisema tu kwamba mimbarani palitoka neno lililowafungia watu mlango, na kwamba aliyelisema ni mchungaji wao. Tulisimamisha usomaji wa viwango. Sasa hutangazwa jumla peke yake. Si wazee wote waliofurahi. Mmoja alituuliza waziwazi kama majuto yanaezeka kanisa, na swali lake lilikuwa la haki, kwa maana michango ilipungua mwezi ule na uliofuata. Mabati yalichelewa zaidi ya mwaka mmoja. Tulisali chini ya maturubai msimu mzima wa masika, na mara mbili ibada ilikatizwa na mvua.

Bibi alirudi. Hakurudi benchi la tatu. Alikaa nyuma karibu na mlango, na ndipo anapokaa mpaka leo. Hatujui kama ni kwa ajili ya miguu yake au ni kwa ajili yetu. Tulimwendea mara ya pili kumwomba radhi uso kwa uso, akasema yamekwisha, akatupa ndizi. Lakini tunajua sauti ya kikapu kinapofika nyuma. Kinalia. Tumejifunza kunyamaza na kuisikia.

Watu wa makaisari walidhani picha iliyochapwa kwenye shaba itadumu. Haikudumu. Kwetu Afrika Mashariki hapahitaji ushahidi wa mbali. Mwaka 1904 utawala wa Wajerumani ulianza kutoa hapa sarafu ya shaba iliyoitwa heller, yenye taji la Kaisari wao, na hata cheo chake, Kaiser, kilitokana na jina la Kaisari wa Roma. Mwaka 1918 aliacha kiti cha enzi. Taji tumelisahau kabisa. Kilichobaki midomoni mwetu ni neno “hela”, tunalotumia sokoni bila kumkumbuka. Hata “fulusi” ya wazee wa pwani ilitufikia kupitia Kiarabu kutoka follis, jina la sarafu ya shaba ya Warumi wa zama za mwisho. Nyuso zimesuguka, majina yametumiwa na watu waliokuja baadaye wasiojua yalitoka wapi.

Tertullian wa Carthage, Mwafrika wa Kaskazini aliyeandika kama miaka 1,800 iliyopita, alilieleza neno la Bwana juu ya kodi kwa namna ambayo mwalimu wetu aliipenda: picha ya Kaisari iko kwenye sarafu, basi sarafu irudi kwa Kaisari, picha ya Mungu iko ndani ya mwanadamu, basi mwanadamu arudi kwa Mungu. Tulipokuwa vijana tulilichukua hilo kama jibu la werevu. Sasa tunalichukua kama onyo kwa kila anayeshika kikapu. Anayekuja na sarafu ngumini amebeba picha mbili. Moja iko kwenye chuma na thamani yake hutajwa na benki. Nyingine ni yeye mwenyewe. Sisi tulihesabu ile ya kwanza, na kwa utani tukairudisha nyumbani ile ya pili.

Katika Luka 12 bei ya shomoro inabadilika kidogo: watano kwa asi mbili. Kwa bei ya Mathayo asi mbili ni shomoro wanne, basi wa tano ni nyongeza ya muuzaji, ndege asiyelipiwa hata nusu kwadransi. Bwana anasema hata mmoja wao hasahauliwi mbele za Mungu. Kwenye orodha yetu, huyo wa tano angesomwa “na wengineo”.

Bwana atusamehe wachungaji, na atufundishe kuhesabu.